Padre Asiyeonekana Jukwaani: Somo la Lugha ya Picha, Wahusika na Dhamira katika Tamthiliya Fupi



Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa maana ya bahari katika tamthiliya, mara nyingi hujibu haraka: "Bahari ni kifo." Akiulizwa maana ya mkate, na akiwa frateri, hujibu haraka zaidi: "Mkate ni Ekaristi." Majibu ya namna hii huenda yasiwe makosa, lakini yamefika kabla ya wakati wake. Mwanafunzi ameruka kutoka kwenye kitu hadi kwenye maana bila kutazama kitu chenyewe kinafanya nini mle jukwaani.

Katika somo hili tutajizoeza kanuni moja tu: anza na kazi ya kitu, ndipo uende kwenye maana yake. Kanuni hii itawasaidia mafrateri darasani, na itawasaidia pia waamini wanaoigiza au kujadili michezo katika jumuiya ndogondogo, VIWAWA na WAWATA. Lakini tutaona kwamba ina uzito hata nje ya fasihi. Anayezoea kuruka kwenye maana anaposoma huruka hivyohivyo anapokwenda kuhani msiba.

Tamthiliya tutakayoitumia inaitwa *Riders to the Sea*, yaani wapanda farasi wanaoelekea baharini. Ni ya onyesho moja, na huweza kuigizwa kwa muda wa nusu saa hivi. Ndani yake yumo padre kijana ambaye anatajwa mara kwa mara, lakini haonekani jukwaani hata mara moja. Tumweke moyoni padre huyo, kwa sababu tutamrudia.

1. Mwandishi na mazingira yake

John Millington Synge alizaliwa mwaka 1871 karibu na Dublin, Ayalandi, katika familia ya Kiprotestanti. Alisomea muziki kabla ya kugeukia uandishi. Kuanzia mwaka 1898 alikwenda mara kadhaa katika Visiwa vya Aran, visiwa vitatu vya mawe vilivyo magharibi mwa Ayalandi, mbele ya ghuba ya Galway. Huko aliishi na wavuvi Wakatoliki, akajifunza lugha yao na kuandika aliyoyaona na kuyasikia. Kitabu chake kuhusu visiwa hivyo kilitoka mwaka 1907. Alifariki mwaka 1909, akiwa bado kijana.

Tamthiliya yetu iliigizwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 25 Februari 1904. Mambo mawili makubwa yaliyomo Synge aliyasikia visiwani kwa masimulizi: mtu aliyekufa maji na kutambuliwa kwa nguo zake mbali na kwao, na mama mzee aliyemwona mwanawe marehemu amepanda farasi. Kwa hiyo hatusomi mafumbo yaliyobuniwa mezani. Tunasoma maisha ya watu ambao bahari ilikuwa shamba lao, barabara yao na kaburi lao.

2. Kisa kwa ufupi

Tuko jikoni, katika nyumba ya mama mzee aitwaye Maurya. Bahari imeshamchukua baba mkwe wake, mume wake na wanawe wanne. Mwana wa tano, Michael, amepotea baharini siku 9 zilizopita. Amebaki Bartley, mwana wa mwisho, pamoja na mabinti wawili, Cathleen na mdogo wake Nora.

Nora anaingia na kifurushi alichopewa na padre kijana. Ndani mna shati na soksi ya mtu aliyekutwa amekufa maji kaskazini, huko Donegal. Mabinti wanakificha darini ili mama asikione.

Bartley anajiandaa kusafiri kwenda kuuza farasi mnadani. Mama anamsihi asiende, kwa kuwa bahari imechafuka. Bartley anasisitiza, kwa sababu baada ya chombo hiki hakuna kingine kwa wiki mbili au zaidi. Anaondoka akiwaachia baraka, lakini mama hamjibu. Cathleen anamkemea mama kwa kumwacha kijana aende na neno baya nyuma yake. Mara wanagundua kwamba wamesahau kumpa mkate. Mama anatumwa kumkuta njiani penye kisima, ampe mkate na baraka.

Akiwa ametoka, mabinti wanafungua kifurushi na kutambua kuwa nguo ni za Michael. Mama anarudi, na mkate bado uko mkononi. Anasema amemwona Bartley juu ya farasi jike mwekundu, na nyuma yake, juu ya farasi mdogo wa kijivu, amemwona Michael amevaa nguo nzuri na viatu vipya. Alitaka kutoa baraka, lakini neno lilimkwama kooni. Muda si mrefu wanakijiji wanaleta maiti ya Bartley. Farasi wa kijivu amemsukuma baharini. Maurya anamnyunyizia maji ya baraka, anawaombea wanawe wote, na tamthiliya inakwisha.

3. Lugha ya picha: kitu kwanza, maana baadaye

Kwa kawaida tunapofundisha tamathali za semi tunaanza na maneno: tashibiha, sitiari, tashihisi. Katika tamthiliya hii maneno ya namna hiyo si mengi. Picha nyingi ni *vitu* vinavyoshikwa mkononi. Kwa hiyo tuulize maswali matatu kwa kila kitu: Kiliwekwa pale kwa kazi gani? Kazi hiyo ilibadilikaje? Nani aliona mabadiliko hayo? Baada ya majibu hayo ndipo tuulize maana.

*Mbao nyeupe.* Tangu pazia linapofunguliwa, mbao mpya zimeegemezwa ukutani. Mama alizinunua kwa bei kubwa kwa ajili ya jeneza la Michael, iwapo mwili utapatikana. Mwisho wa tamthiliya zinatengeneza jeneza la Bartley. Mtazamaji amekaa na jeneza mbele ya macho yake tangu mwanzo, bila kujua ni la nani.

*Kamba.* Bartley anaichukua ili atengeneze hatamu ya farasi. Mama anamzuia, kwa sababu alitaka itumike kumshusha Michael kaburini. Kamba ya mazishi inageuka kuwa kamba ya safari, na safari nayo inageuka kuwa mazishi. Hapa tunaona kinyume cha matukio kikifanya kazi, bila mhusika yeyote kutamka neno la kejeli.

*Mkate.* Tamthiliya inaanza na Cathleen akikanda unga. Mkate huu kwanza kabisa ni chakula cha msafiri, ambaye bila huo atashinda njaa kutwa nzima. Unasahauliwa kwa sababu ya ugomvi wa kuagana. Halafu unakuwa kisingizio chema cha kumpeleka mama akatoe baraka aliyoinyima. Kisha unarudi nyumbani haujaliwa. Mwishoni Cathleen anawaambia watakaochonga jeneza kwamba upo mkate mpya, wanaweza kula wakati wa kazi. Mkate uliookwa kwa ajili ya aliye hai unaliwa na wanaomchongea jeneza. Je, twaweza kuwaza Ekaristi? Mkristo hawezi kuzuia wazo hilo lisije. Lakini atakayekimbilia huko hataona kinachoumiza zaidi, yaani mkate na baraka vilivyobebwa pamoja, vikashindwa kutolewa pamoja, kwa sababu neno lilikwama kooni. Nasi tunajua uzito wa radhi ya mzazi kwa mtoto anayesafiri.

*Soksi.* Shati peke yake halitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa kitambaa cha aina ile kinauzwa madukani na wengi wanacho. Nora anahesabu vitanzi vya soksi. Anakumbuka kwamba alianza na vitanzi 60 na akaacha 4. Hesabu inalingana. Kaka yake anatambulika kwa mkono wa dada aliyemfumia soksi, hata kwa kasoro ya mkono huo. Hapa mwandishi hakuhitaji sitiari. Anayetaka kuwaeleza waamini jinsi upendo unavyohesabu mambo madogo hana haja ya kutafuta mfano mwingine.

*Farasi wawili.* Wasomaji wengi wa Biblia hukumbuka sura ya 6 ya Kitabu cha Ufunuo, ambako farasi mwekundu anamchukua mwenye kuondoa amani duniani, na farasi wa mwisho, mwenye rangi iliyopauka, amepandwa na Mauti. Kufananisha huku kuna msingi: mwekundu amembeba aliye hai, wa kijivu amembeba aliyekufa, na wa kijivu ndiye anayemtupa Bartley baharini. Lakini tusisahau kwamba farasi hawa ni mali. Wanakwenda mnadani kwa sababu nyumba ina shida ya fedha na mwanamume aliyebaki ni mmoja. Ukiondoa umaskini ukabakiza Ufunuo, unamfanya Bartley afe kwa sababu ya unabii, wakati yeye alikufa akitafuta riziki.

*Tanga.* Maurya anasimulia jinsi mwanawe mwingine, Patch, alivyoletwa zamani. Wanawake waliingia mmoja mmoja wakifanya ishara ya msalaba, kisha wanaume wakaleta mwili ndani ya kipande cha tanga jekundu, maji yakidondoka hadi mlangoni. Akiwa bado anasimulia, mlango unafunguka, wanawake wanaingia wakifanya ishara ya msalaba, na wanaume wanamleta Bartley juu ya ubao uliofunikwa kipande cha tanga. Masimulizi ya jana yanakuwa tukio la leo, hata mama mwenyewe anauliza ni nani anayeletwa. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada ambalo Synge hakulijua: katika lugha yetu tanga la chombo na matanga ya msiba yanakaribiana kwa sauti. Atakayeitafsiri tamthiliya hii kwa Kiswahili ana zawadi mkononi.

*Bahari.* Sasa tunaweza kurudi kwenye jibu la haraka. Je, bahari ni kifo? Ndiyo, lakini bahari hiyohiyo inaleta mwani wanaouokota na samaki wanaowala. Ndiyo njia pekee ya kwenda sokoni, na ndiyo njia ya padre kupata habari kutoka Donegal. Kama bahari ingekuwa kifo tu, watu wangehama. Uchungu wa tamthiliya unatokana na ukweli kwamba kinachowaua ndicho kinachowalisha. Wenzetu wa ukanda wa Pwani na wa kandokando ya ziwa hawahitaji kuelezwa sana.

4. Wahusika

Mhusika wa tamthiliya hatujulishwi na msimulizi. Tunamjua kwa anayoyatenda, kwa anayoyasema, kwa wanayoyasema wengine juu yake, na kwa anayoyanyamazia. Tutumie njia hizi nne.

*Bartley* anasema kidogo, na karibu maneno yake yote ni maagizo ya kazi: kondoo wasiingie shambani, nguruwe auzwe bei ikiwa nzuri, mwani uokotwe. Hamjibu mama yake anapolia. Wengine humwita mkaidi. Lakini orodha ile ya kazi ndiyo lugha yake ya upendo. Anajua kwamba nyumba itabaki bila mwanamume kwa siku kadhaa, naye anaipanga. Isitoshe, ndiye anayetoa baraka mara mbili, mara moja anapoaga na tena njiani.

*Cathleen* anabeba nyumba. Anaoka, anasokota nyuzi, anaficha kifurushi, anamkemea mama, na mwishoni anashughulikia wachonga jeneza. *Nora* ni mdogo, naye ndiye anayeamini kwa urahisi maneno ya padre na kuyarudia. Mabinti hawa wanapomwona mama ametulia mbele ya maiti ya Bartley, Nora anadhani labda alimpenda Michael zaidi, na Cathleen anadhani kwamba amechoka tu, kwani amelia siku 9. Wote wawili wanasoma ukimya wa mama, na wote wawili wanakosea au wanapatia nusu tu. Hili ni onyo kwetu: ukimya wa mfiwa hausomeki kwa haraka.

*Maurya* ndiye mhusika anayebadilika. Mwanzoni maneno yake ni ya kulalamika na kuzuia. Katikati anaogopa na kuona maono. Mwishoni anapata utulivu ambao hakuna aliyeutegemea. Anasema kwamba bahari haiwezi tena kumfanya lolote, na kwamba sasa atalala usiku bila kusikiliza upepo, hata kama chakula kitakuwa haba. Jina lake ni namna ya Kiayalandi ya jina Maria, na Mkatoliki anayemwona mama huyu ameweka mikono miguuni pa mwanawe aliyekufa hukumbuka kituo cha 13 cha Njia ya Msalaba. Ulinganisho huu unakubalika, mradi tumekwisha kumwona kwanza kama mama mmoja mwenye shida yake, aliyekumbuka kununua mbao na kusahau misumari.

Misumari hiyo nayo tuitazame. Mwanamume mmoja anashangaa kwamba mama aliyeona majeneza mengi hivyo hakukumbuka misumari. Mwenye haraka atasema: "Misumari ya msalaba!" Lakini kazi yake jukwaani ni kutuonyesha kwamba hakuna anayezoea kifo. Kufiwa mara nane hakumfanyi mtu kuwa fundi wa kufiwa.

*Padre kijana.* Hatumwoni, tunamsikia kwa kinywa cha Nora. Cathleen anauliza kama padre atamzuia Bartley asisafiri. Nora anajibu kwamba padre amekataa kumzuia, akisema wasiogope: mama anasali hadi usiku wa manane, na Mungu Mwenyezi hatamwacha bila hata mwana mmoja. Kabla pazia halijafungwa, Maurya hana mwana hata mmoja. Na mapema, Nora alipoyakumbusha maneno hayo ya padre, mama alijibu kwamba mtu kama yule anajua kidogo sana juu ya bahari. Wahenga wetu wangesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapo wasomaji wengi hufunga jalada, wakasema mwandishi alikusudia kulidhihaki Kanisa. Tusome tena kwa makini, kwa sababu padre huyu alisema maneno *mawili*, si moja.

La kwanza ni lile la ahadi. La pili alilisema alipotoa kifurushi: kama nguo ni za Michael, mama aambiwe kwamba amepata maziko mema kwa neema ya Mungu, kama si zake, asiambiwe neno, asije akafa kwa kulia bure. Neno hili la pili ni la mtu makini. Padre ametafuta habari kutoka mbali, ameleta ushahidi, amefikiria afya ya mama na amewaachia wenye nyumba wathibitishe wenyewe.

Sasa tazama mwisho wa tamthiliya. Katika maneno yake ya mwisho kabisa Maurya anajifariji kwa jambo gani? Kwamba Michael amepata maziko mema kule kaskazini kwa neema ya Mungu Mwenyezi, na kwamba Bartley atapata jeneza zuri na kaburi refu. Neno la pili la padre ndilo lililobaki mdomoni mwa mama. Ahadi ilikufa na Bartley, lakini habari ya kweli, ndogo na iliyothibitishwa, ikawa sala.

5. Dhamira

Dhamira si neno moja kama "kifo" au "umaskini". Hayo ni mada. Dhamira ni kile ambacho tamthiliya inakisema *kuhusu* mada. Mwanafunzi ajizoeze kuiandika kwa sentensi kamili. Nitapendekeza tatu, kila moja ikiwa na ushahidi wake.

Kwanza: riziki ya maskini huwadai mara nyingine uhai wao. Ushahidi ni safari ya mnadani na chombo kisichokuja tena kwa wiki mbili.

Pili: mahali palipo na vifo vya vijana, mpangilio wa urithi hupinduka. Maurya anapochukua fimbo ya Michael ili imsaidie kutembea, anasema kwamba kwingineko wazee huwaachia watoto vitu, lakini kwao vijana ndio wanaowaachia wazee. Fimbo ni picha ya dhamira nzima.

Tatu: faraja ya kweli haitokani na kudai kuujua mpango wa Mungu. Inatokana na kumtendea mfiwa mambo ya kweli mbele za Mungu. Ushahidi ni maneno mawili ya padre na hatima zake.

Hapa huzuka swali: je, utulivu wa Maurya ni wa Kikristo? Wapo wanaosema ni kukata tamaa tu, ni kukubali kushindwa. Wanataja kwamba hasemi lolote kuhusu ufufuko. Upande wa pili wanataja maji ya baraka, ishara ya msalaba na sala yake, ambayo inapanuka hatua kwa hatua: anamwombea Bartley, kisha Michael na ndugu zao kwa majina, kisha nafsi yake, kisha kila mtu aliyebaki hai duniani. Mwanamke aliyeanza kwa kumnyima mwanawe neno moja la baraka anamaliza kwa kuwaombea walimwengu wote. Aliyekata tamaa kabisa hasali hivyo. Mimi naona kwamba tamthiliya inaishia mahali ambapo liturujia yetu hukaa kila mwaka siku nzima bila kukimbia, yaani Jumamosi Kuu. Kaburi limefungwa, mama yupo, alfajiri haijafika. Mwandishi hakutupa Pasaka, nasi tusimlazimishe. Lakini msomaji Mkristo anajua kwamba Jumamosi Kuu si siku ya kukosa imani.

6. Kutoka jukwaani hadi msibani

Frateri atauliza: haya yananihusu nini mimi nitakayekuwa padre? Yanamhusu moja kwa moja. Katika misiba yetu zipo kauli ambazo tumezizoea: "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu amempenda zaidi." "Usilie, Mungu atakupa mwingine." Wanaozisema wana nia njema. Hata padre kijana wa Aran alikuwa na nia njema. Lakini kauli hizi zinafanya kosa lilelile la mwanafunzi anayejibu "bahari ni kifo". Zinaruka kwenye maana kabla ya kukitazama kilicholala mezani. Kauli ya mwisho ni nzito zaidi, kwa sababu inatoa ahadi kwa jina la Mungu ambayo Mungu hakuitoa.

Ayubu alipofiwa na watoto wake wote, rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Huo ndio wakati wao bora katika kitabu kizima. Walipoanza kueleza maana ya msiba ndipo walipoharibu. Na Bwana wetu mbele ya kaburi la Lazaro, ingawa alijua atakalolitenda, alilia kwanza.

Basi mchungaji afanye nini? Afanye kama alivyofanya padre yuleyule katika neno lake la pili. Atafute habari za kweli. Awahi kufika. Alitaje jina la marehemu bila kukosea. Aulize kama kuna chakula, kama jeneza limepatikana, nani atalala na mama usiku. Asali sala ambazo Kanisa limempa, ambazo hazidai kujua zaidi ya tunachoamini. Tumaini la ufufuko alihubiri, kwa kuwa hilo ndilo Mungu aliloliahidi. Lakini alihubiri kama mtu aliyemwona kwanza mama huyu, na mbao hizi, na misumari iliyosahauliwa.

Jambo la mwisho kuhusu padre huyu: kwa nini Synge hakumleta jukwaani? Zipo sababu za kiufundi, kwani tamthiliya fupi haibebi wahusika wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba wakati wa msiba nyumba imejaa majirani, na mahali pa padre pako wazi. Walei ndio wanaopiga magoti na kuanza kulia pamoja na mfiwa. Jumuiya ilifika. Waamini wanaosoma makala hii wasidhani kwamba faraja ni kazi ya padre peke yake, na mafrateri wasiridhike na kutajwa tu katika nyumba ambayo walipaswa kuwemo.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua kitu kimoja kati ya kamba, fimbo na kikombe cha maji ya baraka ambacho Maurya anakipindua mezani mwishoni. Eleza kazi yake jukwaani kwanza, kisha pendekeza maana yake.

2. Je, Maurya ana hatia kwa kumnyima Bartley baraka? Toa ushahidi kutokana na matendo yake yanayofuata.

3. Mabinti walificha kifurushi ili wasimuumize mama. Katika familia zetu habari za msiba hufichwa vipi, na ni lini kuficha huko ni huruma au ni woga?

4. Wanajumuiya waandike kauli tano wanazozisema wanapokwenda kuhani. Kila kauli ipimwe: je, ni jambo tunalolijua kuwa kweli, ni jambo tunaloliamini, au ni ahadi ambayo hatukutumwa kuitoa?

5. Kikundi kitakachopenda kuigiza kisa hiki kianze kwa kuweka jukwaani meza, mbao, kamba na mkate tu. Waigizaji wavishike na kuvitumia mara kadhaa kabla ya kuanza kukariri maneno. Kisha waeleze walichogundua kuhusu kila kitu ambacho kusoma peke yake hakukuwaonyesha.